Seti ya Kuchongea Kete za Sataranji kwa Anayeanza: Mti Mzuri, Kisu Kimoja Kizuri, Kielelezo Kibaya

Seti hii niliinunua kwa shilingi 95,000 katika duka moja la vifaa vya ufundi jijini Dar es Salaam, nikaitumia kwa miezi minne, takribani kila mwisho wa juma, mpaka nikapata kete zote 32 zinazosimama ubaoni. Naieleza kwa urefu kwa sababu nilipokuwa naitafuta sikuona maelezo ya Kiswahili yanayomfaa mtu ambaye hajawahi kushika kisu cha kuchongea. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa seti za namna hii huuzwa kwa majina mengi zikiwa na visu vinavyofanana na mti uleule, na ninayoyasema yatamsaidia mnunuzi wa yoyote kati ya hizo. Uamuzi wangu ni kwamba mti ni mzuri sana, kisu kimoja kati ya vitatu kinastahili fedha yake, na karatasi ya kielelezo ni mbaya kiasi cha kumkatisha tamaa mtu ambaye angeweza kufaulu.

Ndani ya sanduku mna miche 16 ya mti, mfano wa miche midogo ya sabuni, kila mmoja ukiwa na upana wa sentimita 2.5 kwa 2.5 na urefu wa sentimita 10. Mna pia visu vitatu, kipande cha ngozi kilichogundishwa juu ya ubao pamoja na dawa ya kijani ya kung'arishia makali, glavu moja ya kuzuia mkato, vipande vitatu vya msasa, na karatasi kubwa yenye michoro ya kete sita: mfalme, malkia, askofu, farasi, ngome na kitunda, yaani ile kete ndogo kuliko zote.

Mti wenyewe ni lindeni, ambao hauoti kwetu bali huota Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na sifa yake kwa mchongaji ni ya karne nyingi. Sanamu za madhabahu kubwa ya kanisa la Bikira Maria mjini Kraków, nchini Poland, ambazo Veit Stoss alizichonga kati ya mwaka 1477 na 1489, ni za mti wa jamii hii. Nyuzi zake ni laini na zinalingana, haupasuki ovyo, na kisu kikali hupita ndani yake bila kushtuka. Nilichukua mche mmoja nikamwonyesha fundi wa makamo katika soko la vinyago la Mwenge, mtu ambaye maisha yake yote amechonga mpingo, mti mgumu na mzito kiasi kwamba huzama majini. Aliufinya kwa ukucha, alama ikabaki, akatabasamu. Kisha akaniambia jambo ambalo karatasi ya kielelezo haikulisema popote: "Mwanangu, kisu kikianza kuchimba badala ya kuteleza, usiongeze nguvu. Nyuzi zinakuelekeza ndani. Geuza mti, uje kutoka upande wa pili." Ushauri huo mmoja umenifaa kuliko maelekezo yote yaliyochapwa.

Sasa nije kwenye visu. Kisu kirefu kina bapa nene mno kwa kazi ndogo kama hii, na nilikitumia kuondoa kona za miche tu. Kisu cha kombo, kilichopinda kama mundu mdogo, ni cha kukombea vijiko na bakuli. Katika kete za sataranji hakina kazi yoyote, na naamini kimewekwa ili sanduku lionekane limejaa. Kisu kifupi, chenye makali yaliyonyooka ya urefu wa sentimita 4 hivi, ndicho kilichofanya karibu kazi yote. Mpini wake unajaa kiganjani bila kuchosha, na ncha yake ni nyembamba kiasi cha kuingia kwenye shingo ya kitunda.

Hata hivyo hakikuja kikiwa kikali. Nilikijaribu kwa kukata ukingo wa karatasi ya kuandikia nikiwa nimeishikilia hewani, kikaipasua na kuacha mikwaruzo badala ya kuikata. Anayeanza hukitumia hivyohivyo, huku akidhani kwamba ugumu anaouhisi ni wa mti au ni udhaifu wa mkono wake, na hapo ndipo ajali huanza, kwa sababu kisu butu hudai nguvu, na nguvu hiyo mti unapoachia ghafla huishia mkononi. Dawa iko ndani ya sanduku lenyewe. Paka dawa ya kijani kwenye ngozi, laza bapa la kisu likigusa ngozi kwa upana wa makali yake, kisha livute kuelekea nyuma, makali yakifuata na si yakitangulia, mara 20 hivi kila upande. Usikiinue kisu mwishoni mwa mvuto, kwa maana kukiinua ndiko kunakouviringisha ukingo wa makali. Nilifanya hivyo mara 5 kabla ya kuanza, na baadaye kila baada ya nusu saa ya kazi, na kisu kikabadilika kabisa.

Mwezi wa pili nilinunua pia kisu cha Morakniv namba 120, kinachotengenezwa katika mji wa Mora nchini Uswidi, ili nipate kulinganisha. Bapa lake ni la chuma cha tabaka, yaani chuma kigumu kikiwa kati ya kuta mbili za chuma laini zaidi, na mpini ni wa mti wa mbetula. Hicho kilitoka kwenye pakiti kikiwa tayari kwa kazi. Kwa kuwa makali ya aina hiyo hushika kutu, hasa katika hewa ya pwani, hukifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila ninapomaliza. Ningelazimika kubaki na kisu kimoja tu, ningebaki na hicho. Lakini sitasema kwamba kisu kifupi cha seti hakifai. Kikisha kunolewa kinafaa.

Kuhusu namna ya kukishika, msomaji wa Dar es Salaam hahitaji picha. Aangalie muuza machungwa wa barabarani anavyomenya chungwa: dole gumba limetulia juu ya tunda, vidole vinne vinaufunga mpini, na kisu kinakuja polepole kuelekea dole gumba kwa kufumba kiganja, si kwa kuvuta mkono mzima. Huo ndio mkato mkuu wa kuchonga kete. Wa pili ni wa kusukuma, ambapo dole gumba la mkono ulioshika mti huisukuma sehemu ya juu ya bapa, kidogo kidogo. Glavu ya kwenye seti ni kubwa kwa mkono wangu, ila inatosha. Huvaliwa na mkono unaoshika mti, na mnunuzi ajue kwamba huzuia makali yanayoteleza lakini haizuii ncha inayochoma.

Lawama yangu kubwa ni juu ya ile karatasi, na inahusu mambo mawili: umbo na vipimo.

Kete zilizochorwa ni za mtindo wa Staunton, ule unaotumika katika mashindano yote makubwa duniani. Mtindo huo ulisajiliwa London mwaka 1849 kwa jina la Nathaniel Cooke, ukatengenezwa na kiwanda cha John Jaques, na ukapewa jina la Howard Staunton, mchezaji mashuhuri wa Uingereza wa wakati huo. Ni mtindo mzuri, na uzuri wake umetoka kwenye kerezo. Pete za shingoni, kola nyembamba, kiuno kinachopungua na tako linalotanuka ni maumbo yanayokuja yenyewe mti unapozunguka na patasi ikatulia. Katika seti zile ni farasi peke yake anayechongwa kwa mkono. Karatasi hii basi inamtaka mtu mwenye kisu aige kazi ya mashine inayozunguka, tena akiwa ndiyo kwanza anaanza.

Matokeo yake niliyaona kwa macho yangu. Nyuzi za mti zinakwenda kwa urefu wa mche, kutoka tako hadi kichwa. Ukichonga kola yenye unene wa milimita 2 kuuzunguka mche, nyuzi zilizo ndani ya kola hiyo zina urefu wa milimita 2 tu, na hazina kinachozishikilia isipokuwa ugandano wao wenyewe, kwa hiyo kipande hubanduka kama gamba kisu kikikigusa kwa pembeni. Malkia wangu wa kwanza alipoteza nusu ya kola yake hivyo, na wa pili akapoteza taji. Nilikuwa nimekwisha kujilaumu kwa mikono mizito kabla ya kutambua kwamba kosa lilikuwa kwenye mchoro.

Vipimo navyo havikufikiriwa. Karatasi inampa mfalme urefu wa sentimita 9.5, ambao kweli ndio urefu unaopendekezwa na FIDE, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Lakini shirikisho hilohilo linapendekeza tako la kete liwe na upana wa kati ya asilimia 40 na 50 ya urefu wake, na mche wa sentimita 2.5 chini ya mfalme wa sentimita 9.5 ni kama asilimia 26 tu. Mfalme wangu wa kwanza alianguka kwa upepo wa feni. Zaidi ya hayo, karatasi inahesabu mche mmoja kwa kete moja, maana yake miche 16 inatoa upande mmoja wa mchezo, na mnunuzi analazimika kurudi dukani kununua seti ya pili ili apate mpinzani.

Hesabu sahihi ni rahisi, na ninaiweka hapa kwa atakayekuwa tayari amenunua. Kwa tako la sentimita 2.5, mfalme awe na sentimita 6. Ukipunguza kete nyingine kwa kiwango hichohicho, malkia anapata 5.4, askofu 4.4, farasi 3.8, ngome 3.5 na kitunda 3.2. Kwa kila upande, mche wa kwanza unatoa mfalme na ngome, wa pili malkia na farasi, wa tatu maaskofu wawili, wa nne farasi na ngome waliobaki. Hiyo ni miche 8 kwa pande zote mbili. Miche 8 iliyobaki inatoa vitunda viwili kila mmoja, kimoja kila ncha, na katikati hubaki zaidi ya sentimita 3 za kushikia. Sehemu hiyo ya katikati ni muhimu kuliko inavyoonekana. Kitunda cha sentimita 3 hakishikiki kwa usalama kikiwa peke yake, kwa hiyo kete ichongwe ikiwa bado imeungana na mche wake, na msumeno uje mwisho kabisa. Ubao wenye miraba ya sentimita 4 unazitosha kete za ukubwa huu, ilimradi matako ya vitunda yapunguzwe yawe kama sentimita 2, kwa kipimo cha zamani kwamba vitunda vinne vijae ndani ya mraba mmoja.

Nilipoiweka karatasi kando nilitafuta maumbo yanayokubaliana na kisu, na nikayapata kwa watu waliotangulia. Jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York lina kete za karne ya 12 zilizotoka Nishapur, nchini Iran, nazo si za mti, lakini maumbo yake ni kana kwamba yalikusudiwa mwanafunzi wa kuchonga. Mfalme ni kiti cha enzi kilichorahisishwa. Waziri wake, ambaye baadaye Ulaya alikuja kuwa malkia, ni kiti hichohicho kikiwa kidogo. Tembo, anayesimama mahali pa askofu wa leo, ana vichomozo viwili vya pembe zake. Farasi ana kichomozo kimoja cha pembetatu, ngome ni kipande cha mstatili chenye pengo kama kabari juu yake, na kitunda ni nusu tufe lenye pande pande. Hakuna pete wala kola. Lugha yetu yenyewe inakumbuka njia hiyo: neno sataranji limetufikia kutoka Uajemi kupitia Uarabuni, na mfalme wa mchezo bado huitwa shaha. Karibu na wakati wetu, Josef Hartwig wa chuo cha Bauhaus nchini Ujerumani alibuni kete mwaka 1923 na 1924 ambazo umbo la kila moja linaonyesha inavyokwenda, askofu akiwa msalaba wa mshazari na ngome mchemraba mtupu. Hizo nazo karibu zote zimetokana na mikato iliyonyooka.

Kutokana na mifano hiyo nilijitengenezea zangu. Kila kete inaanza kwa kuondoa kona nne za mche ili uwe na pande nane, na pande hizo sizilainishi kuwa duara, kwa sababu alama safi ya kisu inapendeza na mkono huishika vizuri. Shingo ya kitunda inapatikana kwa mkato wa kuzuia: kisu kinasimamishwa wima na kuzungushwa pande zote nane kwa kina cha milimita 2, kisha mti unaondolewa kwa mshazari kutoka juu na kutoka chini mpaka kwenye mkato huo, ambao huizuia pasuko isiendelee mbele. Ngome inahitaji pengo moja tu. Tembo anahitaji mapengo mawili ya pembeni na moja katikati. Farasi ndiye aliyenichukua muda, na baada ya kuvunja sikio la mmoja nilimrahisisha kuwa mkato wa mshazari wa shingo, uso ulioinama na pengo dogo la mdomo. Kitunda cha kwanza kilinichukua jioni nzima. Cha kumi na sita kilinichukua dakika 40. Ninamshauri kila anayeanza aanze na vitunda vyote kabla ya kugusa kete nyingine, kwa kuwa kazi ileile ikirudiwa mara 16 hufundisha mkono, na vitunda vikitofautiana kidogo mchezo hauharibiki.

Seti haina chochote cha kutofautisha nyeusi na nyeupe. Sikutaka rangi ya dukani, kwa sababu inafunika nyuzi. Niliweka nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ndani ya siki kwa siku tano, katika chupa ambayo kifuniko chake hakikukazwa kwa kuwa gesi hutoka. Kete za upande mweusi nilizipaka kwanza chai nzito isiyo na maziwa, nikaziacha zikauke, kisha nikazipaka maji ya ile siki. Chai ina tanini, na tanini ikikutana na chuma kilichoyeyuka hugeuka kijivu cheusi ndani ya mti wenyewe. Lindeni peke yake haina tanini ya kutosha, hivyo chai isirukwe. Mwisho nilizipaka kete zote nta ya nyuki, nikazisugua kwa kitambaa cha pamba. Msasa niliutumia kwenye matako tu, ili yakae sawa ubaoni. Kwa sababu lindeni ni nyepesi, nilitoboa tundu chini ya kila kete kwa keekee, nikagundisha nati ya chuma ndani yake na kuliziba kwa duara la kitambaa kizito, na tangu hapo feni haijaziangusha.

Kwa bei hii, basi, nani anunue? Mtu anayeishi mbali na mafundi, asiye na kisu wala mti, anaweza kuinunua bila majuto, mradi aitupe karatasi na afuate vipimo nilivyoviandika. Mwenye kisu kizuri tayari asinunue, kwa kuwa atakuwa amelipia visu vitatu asivyovihitaji. Niliporudi dukani kuuliza kama miche inauzwa peke yake, nilijibiwa kwa upole kwamba haiuzwi. Nilipeleka pia maoni yangu kwamba kisu cha kombo kiondolewe na nafasi yake ichukuliwe na miche minne ya akiba. Bila akiba, mche ukiharibika hakuna wa kuuziba, na mimi niliharibu mitatu.

Pengo la miche hiyo mitatu nililiziba kwa mti wa nyumbani, na majaribio yangu yalikuwa haya. Msindano, ambao mabaki yake hupatikana bure kwa maseremala wa Keko, una duara laini na duara gumu zikifuatana, na kisu kinaruka kutoka moja hadi nyingine. Mtiki unachongeka, lakini una chembe za silika zinazomaliza makali upesi. Uliofaa ni mjakaranda. Dada yangu aliniletea tawi kutoka Arusha, na lilipokuwa bado bichi lilikatika kwa ulaini uliokaribia ule wa lindeni. Ilinibidi tu kukiepuka kiini cha katikati, kwa sababu mti ukikauka hupasukia hapo. Kipande kilichobaki nimekigawa vipande virefu vilivyopasuliwa mbali na kiini, nimevipaka nta kwenye ncha zote mbili ili visikauke kwa haraka na kupasuka, na nimevilaza kivulini chini ya ngazi. Vikisha kukauka nitavikata kwa upana wa sentimita 4, na mfalme wa safari hii atapata sentimita zake 9.5.